Sabuni Mbichi

Siku ile mjinga alikuwa Povu, na hakuna haja ya kuinua mkeka kumtafuta mwingine. Muuza mafuta alikuwa mwizi, hilo tutalifikia, na jino lilikuwa jino tu, halina akili. Lakini mjinga alikuwa yeye, tena mjinga wa kujitolea, asiyetumwa wala kulipwa. Na tuliweke neno hili hapa mlangoni, kila anayeingia alikanyage, maana huko ndani hakuna pa kuliweka.

Povu si jina alilopewa na wazazi. Alilipata ghalani alikokuwa akipakia magunia, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Ghala lilipofungwa, wenzake waliondoka na viatu vya kazi, yeye akaondoka na jina. Alikaa nyumbani akikagua dari na kumfundisha mkewe namna ya kushika ufagio, hadi mkewe akamwambia, kwa upole wake ule unaokata, kwamba mwanamume asiye na kazi ni kama sufuria iliyotoboka: unaweza kuipenda, lakini huwezi kuipikia.

Wazo la sabuni lilikuwa la mkewe. Alilirithi kwa shangazi yake, marehemu, aliyewasomesha watoto wake kwa sabuni za kupika uani. Nyuma ya nyumba waliyopanga palikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja. Wakakiomba kwa mwenye nyumba, wakatoa nje baiskeli isiyo na magurudumu na panya wasio na haya, wakapigilia rafu za mbao ukutani. Wakanunua mizani, mabeseni mawili, miwani ya plastiki na glavu ndefu, maana sabuni hutengenezwa kwa mafuta na kostiki, ile chumvi nyeupe kali ambayo ukiitia kwenye maji huchemka bila moto na ikikugusa hukuacha na alama.

Pishi la kwanza liligoma kuganda. Lilibaki uji wa njano uliowakodolea macho kutoka kwenye beseni wiki nzima, mpaka wakaumwaga. La pili liliganda mno. Kisu kilivunjika ncha, na Povu akasema wakikosa wateja watajengea choo. La tatu lilikuwa zuri kwa macho lakini lilinuka samaki, na mpaka leo hawajui samaki huyo aliingilia wapi. Majirani walikuwa wakipita dirishani wakiuliza kama chakula kimeiva. Povu aliwakaribisha wote.

Kisha likaja pishi moja lililokubali. Liliganda usiku kucha, likakatwa kwa waya vipande vilivyolingana, vyeupe, vyenye harufu ya mchaichai. Povu alikishika kipande kimoja akakizungusha mkononi bila kusema lolote, na mkewe akamuuliza kama anaumwa.

Sabuni iliyokatwa si sabuni bado. Mkewe alimweleza hivyo mara nyingi, kwa kuwa Povu alikuwa mtu wa kutaka kuuza kitu kikiwa bado na joto. Hupangwa kwenye rafu kwa nafasi, upepo upite, ikae wiki kadhaa ikomae. Na hata ikikomaa haiaminiki mpaka ionjwe. Shangazi hakuwa na chombo cha kupimia zaidi ya ncha ya ulimi wake, na mpwa wake akaishika njia hiyohiyo. Alikuwa akichukua kipande kutoka kila safu, anakilowesha, anakigusa kwa ulimi. Sabuni iliyoiva ina ladha ya sabuni tu, haina ugomvi. Ile mbichi, ambayo kostiki yake haijapata mafuta ya kutosha kuyala ikaisha, huuma papo hapo, kama mdudu aliyejificha ndani. Ikiuma hata moja, safu yote inarudi rafuni. Sheria ya nyumba ile ilikuwa hiyo, na haikuwa na nyongeza.

Povu aliigeuza sheria hiyo kuwa tangazo. Aliwaambia wateja kwamba mkewe hula sabuni kabla yao, ndiyo maana hajawahi kumtukana. Wanawake wa saluni walicheka wakanunua. Muuza duka wa kona alichukua boksi zima kwa mkopo akalipanga nyuma ya mishumaa, mahali ambapo hata mende hawapiti, kisha akalirudisha likiwa na vumbi na kusema soko ni gumu. Mvua ilipenya dirishani ikalainisha mzigo wa mwezi mzima. Kuna wiki walizouza hadi vipande vya pembeni, na kuna wiki walikunywa uji asubuhi na jioni na kuambiana kwamba ni mzuri kwa tumbo. Mwenye nyumba naye akaanza kupita pale nyuma, anachungulia rafu, anakohoa. Mwishowe akasema wazi: kuna mtu anakitaka kile chumba, mtu mwenye kazi ya kueleweka. Angewangoja mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Wakiwa hawana mteja wa uhakika, watoe mabeseni yao.

Hapo ndipo Kitinda alipowaokoa, au ndivyo walivyodhani. Kitinda alikuwa mdogo wake Povu, mziwanda wa mama yao, na alifanya usafi kwenye nyumba ya uzazi, jengo dogo la vitanda vichache lililosimamiwa na mama mmoja mkavu aliyeitwa na kila mtu Matroni. Matroni alikuwa amechoshwa na sabuni za dukani zilizokausha ngozi za watoto. Kitinda, huku tumbo lake mwenyewe likimtangulia mlangoni, akamwambia kwamba anamjua mtu anayetengeneza sabuni ya mafuta matupu, tena mtu huyo ni kaka yake. Matroni akamuuliza kama yuko tayari kubeba dhamana. Akasema yuko tayari. Basi ikakubaliwa: mzigo wa kwanza uletwe siku waliyopatana, ukiwa mzuri, watachukua kila mwezi.

Povu alipoambiwa alimbeba mdogo wake, na tumbo lake, akamzungusha uani, mpaka mkewe akamkumbusha kwamba huyo si gunia.

Walihitaji mafuta mengi kuliko walivyowahi kununua. Povu akaenda kuyatafuta, akarudi na madumu kutoka kwa muuzaji mgeni, wa bei ya kirafiki. Mkewe alinusa, akakunja uso kidogo, akanusa tena. Kisha akapika, kwa kuwa siku zilikuwa zinawafukuza. Sabuni iliganda vizuri. Ilipangwa rafuni. Ilionekana nyeupe kuliko zote zilizotangulia.

Kabla haijakomaa, ikaja habari kwamba mama mkwe wake Povu ameanguka na hawezi kuinuka. Mkewe akafunga nguo chache. Akiwa ameshika mlango alimwambia mumewe kwamba akichelewa kurudi, asipeleke kitu mpaka ameonja. Safu kwa safu. Aoshe mdomo kabla na baada. Ikiuma hata moja, aende kwa Matroni kwa miguu yake aombe muda, hata kama chumba kitapotea. Povu akapiga saluti. Mkewe hakucheka.

Alichelewa. Na katika kuchelewa kwake, jino la Povu la nyuma likaamka.

Lilimuuma kiasi cha kumnyamazisha, jambo ambalo majirani walilipokea kama mvua baada ya kiangazi. Hakutaka kwenda kung'olewa kabla ya kupeleka mzigo. Fundi cherehani wa mlango wa pili akampa karafuu, aiweke kwenye jino na kuitafuna polepole. Ikamsaidia. Akatafuna nyingine. Siku ya mzigo alikuwa anatafuna tangu alfajiri, mdomo mzima umekufa ganzi, shavu analo lakini hajui liko wapi. Alikunywa chai ya moto kwa fundi akaimaliza kama maji. Fundi akashangaa, akamuuliza kama haimchomi. Povu akajibu, huku mate yakimtoka pembeni bila habari zake, kwamba mdomo wa leo si wake, ameuazima. Wakacheka wote wawili.

Kutoka kwenye kicheko kile akaingia chumba cha nyuma kuonja sabuni.

Alifanya kila kitu alichoagizwa. Aliosha mdomo. Alichukua kipande kutoka kila safu, akakilowesha, akakigusa kwa ulimi, akangoja. Safu ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Alikwenda hadi chini kabisa, akipiga magoti, akionja kwa heshima kama mtu anayesalimia wakwe, na hakuna iliyomuuma. Akainuka kifua mbele. Alitamani mkewe angekuwepo aone kwamba naye anaweza. Akavifunga vipande kwa karatasi na uzi, akavipakia kwenye mkokoteni wa kukodi.

Kama kungekuwa na mtu wa kumuuliza swali moja tu, tungekuwa tunasimulia mambo mengine. Hakuwepo.

Matroni alifungua kifurushi akanusa, na uso wake ukalegea kidogo, jambo ambalo wauguzi walilihesabu kuwa sikukuu. Kitinda alikuwa mle ndani, si na ufagio bali kitandani. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku iliyotangulia. Povu akaenda kumwona mpwa wake. Akamwambia mtoto kwamba yeye ndiye mjomba na kwamba sura nzuri hiyo ameitoa upande wa ujombani. Muuguzi akaja na kipande cha sabuni mpya akauliza aanze na nani. Kitinda akasema waanze na wake. Alisema yeye ndiye aliyeileta sabuni ile katika nyumba ya watu, na asije mtu akasema aliogopa kuitumia.

Povu aliondoka akipiga mluzi upande mmoja wa mdomo. Njiani akapita kung'olewa jino, ili sherehe iwe kamili.

Asubuhi iliyofuata mume wa Kitinda alisimama mlangoni. Alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache, vumbi la saruji kwenye kope. Povu alimkaribisha akamwambia aingie, shemeji, chai iko jikoni. Hakuingia.

"Mtoto ameungua," alisema.

Povu akauliza nani aliyemwogesha kwa maji ya moto.

"Maji yalikuwa vuguvugu. Ni sabuni."

Povu akacheka. Hakukusudia, mdomo wake ulikuwa na mazoea hayo, ukikosa la kusema hucheka. Akasema haiwezekani, ameionja mwenyewe, kila safu. Akaingia chumba cha nyuma akatoa kipande kilichobaki, akakilowesha, akakipeleka ulimini mbele ya shemeji yake ili aone.

Ilimuuma mpaka machozi yakamtoka. Alitema, akatema tena, akakimbilia bombani akakinga maji kwa mdomo wazi. Aliporudi, shemeji yake alikuwa palepale, mikono imening'inia. Hakumtukana. Alimtazama tu jinsi anavyomtazama mtu aliyejenga ukuta bila msingi, kisha akaenda zake.

Povu alimwona mtoto siku hiyohiyo. Walimlaza kifudifudi. Mgongo na nyuma ya mapaja palikuwa pamebanduka, pekundu na pamelowa, na alikuwa halii kama watoto wanavyolia. Alikuwa anatoa sauti nyembamba isiyopanda wala kushuka. Daktari aliyeitwa alisema ataishi. Alisema pia kwamba ngozi ile haitarudi ilivyokuwa. Matroni alikuwa amekusanya vipande vyote kwenye gunia na kuliweka nje ya geti, na kumwambia Kitinda akishapona asirudi na ufagio mpaka aitwe. Povu alisimama miguuni pa kitanda. Mdogo wake hakumgeukia.

Mkewe alirudi siku ya tatu, amekonda, mama yake amemwacha akiwa hai lakini upande mmoja umepooza. Habari alizipata kwa fundi cherehani kabla hajafika mlangoni. Hakupiga kelele. Alikwenda chumba cha nyuma, akachukua kipande, akagusa, akaosha mdomo. Akamimina mafuta yaliyobaki dumuni kwenye karatasi, akayasugua kwa vidole, akanusa. Yalikuwa yamechakachuliwa. Mtu alikuwa ameyachanganya na mafuta ya mashine, ambayo kostiki haiwezi kuyala hata ingoje mwaka. Ndiyo maana ilibaki mle ndani na njaa yake, ikingoja ngozi.

Povu akaruka kama aliyefunguliwa pingu. Ni muuza mafuta, basi. Alijua. Alijua toka mwanzo yule mtu ana macho ya pembeni.

"Ulionja?" mkewe akamuuliza.

Akasema alionja, safu kwa safu, kama alivyoagizwa.

"Jino lilikuwa linakuuma?"

Povu akajishika shavu.

"Ulikuwa unatafuna nini?"

 Makapi ya karafuu yalikuwa bado kwenye kisahani dirishani. Mkewe aliyatazama, akakaa kwenye beseni lililopinduliwa, akaweka mikono usoni. Alisema, bila kuiondoa mikono, kwamba na yeye alinusa yale mafuta mara mbili na akayapika. Lilikuwa jambo moja tu alilosema kuhusu nafsi yake, na Povu, badala ya kukaa chini karibu naye, aliliokota kama mtu aliyeokota ufunguo.

Alimwendea muuza mafuta. Muuza mafuta alisikiliza huku akichokonoa meno, akasema yeye anauza mafuta, hakuuliza yanakwenda wapi, na hakumbuki sura ya mtu. Povu akarudi nyumbani mikono mitupu, na mwenye nyumba alikuwa uani anapima upana wa mlango wa chumba cha nyuma kwa kamba.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini Povu aliitaka pole, na zaidi ya pole alikitaka chumba. Akaenda kwa Matroni. Alimwomba, akamweleza habari ya mafuta, akaahidi mzigo mwingine bure. Matroni alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama. Alisema aliyekuwa mdhamini ni mama wa mtoto. Kama yeye akija na kusema sabuni ya kaka yake iaminiwe tena, atafikiria. Wengine wasimsumbue.

Kwa hiyo kila kitu, rafu, mizani, mwisho wa mwezi, kikawa mdomoni mwa Kitinda.

Povu alikwenda na mkewe. Njiani alikuwa akipanga maneno, na mkewe akamwambia kwamba yeye anakwenda kumsaidia wifi yake kumsafisha mtoto. Kama ana maombi mengine, ayabebe peke yake. Kitinda na mumewe waliishi chumba kimoja nyuma ya karakana, na milio ya nyundo iliingia kupitia bati. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye kitambaa safi kitandani. Mkewe Povu alinawa hadi kwenye viwiko, akachemsha maji akayapoza, akaanza kubandua shashi zilizogandamana na ngozi, polepole, akizilowesha kwanza. Kila shashi ilipoinuka ile sauti nyembamba ilitoka. Mwashi akatoka nje.

Povu akaanza na utani. Alisema mpwa wake ana pumzi ya mpiga tarumbeta. Yeye mwenyewe aliusikia utani wake ukidondoka sakafuni. Ndipo akaingia kwenye shida yake. Alieleza mafuta, jinsi yalivyochakachuliwa, jinsi hata mkewe, mtu wa pua ile, hakuyagundua. Alieleza chumba. Alieleza kwamba Matroni anangoja neno moja tu, na neno hilo likitoka watapata pa kuanzia, na yeye mwenyewe Kitinda atarudishiwa kazi yake, maana haiwezekani sabuni kurudishwa na mtu akakataliwa. Alisema ni ndugu, na damu si maji.

Kitinda alikuwa amemshika mtoto mabega asijigeuze. Akauliza, bila kuinua kichwa, kama ni kweli alikuwa anatafuna karafuu.

Povu akasema ndiyo, lakini aliumwa, na mtu akiumwa hafikiri.

Kitinda akauliza kama alijua mdomo umekufa ganzi wakati anaonja.

Povu akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anakamua kitambaa. Povu akasema alijua na hakujua; alijua mdomo una ganzi, ila hakukumbuka kwamba ulimi uko humohumo. Kilikuwa kitu cha kuchekesha, na kingesemwa mahali pengine kingechekesha. Mkewe alifunika bakuli la maji. Nyundo za karakana zilinyamaza kidogo, zikaanza tena.

Povu aliongeza mwendo, kama kawaida yake. Alisema hataki kujitetea. Amekosa. Lakini nani hajakosa? Pishi la kwanza lilikuwa uji, la pili tofali, la tatu samaki, na kila mara walijifunza kitu wakasonga mbele. Biashara yote ya mikono ndivyo ilivyo, hakuna aliyezaliwa fundi. Sasa amejua kuhusu mafuta, amejua kuhusu karafuu, hatarudia kamwe. Wakimkatia tamaa leo, na hayo aliyojifunza yatakuwa yamepotea bure. Akapiga magoti kando ya kitanda, mikono juu ya godoro, karibu na miguu midogo ya mtoto.

"Kosa ni shule, mdogo wangu," alisema. "Nipe nafasi nijifunze."

Kitinda aliinua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Jifunze, kaka," alisema. "Ila sasa jifunzie kwenye ngozi yako."